Fundi wa Meno ya Bi Mwenye Nyumba

Watu wakisikia kwamba nafanya kazi kwa daktari wa meno, hufungua mdomo palepale barabarani na kuniomba niwatazamie gego. Mimi si daktari. Mimi ni fundi wa meno ya bandia. Daktari hukaa mbele na koti lake jeupe, kwenye chumba chenye kiti kinachopanda na kushuka. Mimi hukaa chumba cha nyuma, ubavuni mwa choo, pamoja na plasta, nta, sufuria na jiko la gesi. Wagonjwa hawanioni. Wananivaa tu.

Kazi yangu ni hii. Daktari humjaza mgonjwa mdomoni uji mzito wa kupimia, ukiganda anautoa na kuniletea. Mimi namimina plasta katika ile alama, na ikikauka napata mdomo mzima wa mtu, mweupe na mgumu, kila jino mahali pake. Nauandika namba na kuuweka rafuni. Nina rafu nne zilizojaa midomo ya watu. Mke wangu aliingia mle mara moja, akasema anaona kama wote wanataka kumwambia kitu, na hajarudi tena.

Naeleza haya mapema ili nilichofanya kieleweke. Sikuvunja nyumba ya mtu, sikumpiga mtu. Nilinyoosha mkono nikachukua mdomo rafuni, basi.

Mdomo wenyewe ulikuwa wa Shangazi. Ni dada wa baba yangu, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka saba, wazazi wangu walipofariki kwa kufuatana. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Meno yake manne ya mbele, ya juu, yalichomoza kidogo. Katikati palikuwa na mwanya mpana ambao ujanani ulimletea wachumba wengi kuliko aliowataka, na jino la kushoto lilijipinda likatanguliza bega, kama mtu anayepenya mlango mwembamba. Akicheka, yote yalitoka nje kusalimia. Kila shule ilipofunguliwa alisimama mlangoni mwa darasa, akamchekea mtoto mmoja mmoja na kumwambia, "Karibu, mwanangu." Nimewaona kwa macho yangu watoto waliokuja wakilia kwa kwikwi wakinyamaza ghafla na kuingia ndani wenyewe.

Mwaka ule alivunjika gego la chini. Ukitengeneza jino la chini lazima uwe na mdomo wa juu pia, uone yanavyokutana, kwa hiyo nilikuwa na plasta zake mbili. Gego lilikwisha, akalivaa, akalisifu kwa majirani. Plasta zikabaki rafuni.

Ndipo akaja Bwana Kata. Tulisoma pamoja, na alikuwa na ndoto ya kutengeneza filamu tangu tukivaa kaptula. Jina hilo alilipata baadaye, kwa sababu hata nyumbani kwake, mazungumzo ya mezani yakimchosha, alipaza sauti, "Kata!" na mkewe akamjibu, "Kata wewe." Alikuwa ameandika hadithi ya kutisha iitwayo Chumba cha Uani. Kijana anapanga chumba kwa mama mmoja mpole sana. Kumbe mama alikufa zamani, na kila mpangaji anayekaribishwa chumbani hatoki. Bwana Kata aliniomba nimtengenezee mzimu wake meno.

Siku hizi vijana wanaisifu filamu ile kama kitu kilichoshuka kutoka mbinguni, kwa hiyo acha niwaharibie kidogo. Usiku wote mnaouona mle ulipigwa mchana, ndani ya kiwanda cha zamani cha sabuni, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Ukungu ule ni moshi wa trei za mayai tulizochoma kwenye karai. Seremala wetu alikohoa mpaka akatishia kwenda zake. Mzimu wetu, Bi Mwenye Nyumba, anapoteleza bila kugusa sakafu, amesimama juu ya mkokoteni wa mitungi ya gesi, gauni limefunika magurudumu, na mimi na seremala tunavuta kamba. Kuna mlio mwembamba unasikika pale. Yupo msomi aliyeandika gazetini kwamba ni sauti ya roho zilizonaswa ukutani. Ni gurudumu. Lilikosa grisi.

Kamera ilikuwa ya mpiga picha za arusi, na kila Ijumaa adhuhuri ilibidi irudi kwake, imefutwa vumbi, ikafanye kazi ya heshima. Mzimu aliigizwa na mwanamke mshona sare za shule, mpole kiasi kwamba kabla ya kumkaba mtu alimwomba radhi.

Meno yangu ya kwanza yalikuwa marefu, yamechongoka. Mshona sare alipoyavaa na kusema, "Karibu, mpangaji," seremala aliangusha taa kwa kicheko. Tulivunjika mbavu sote isipokuwa Bwana Kata.

"Hayo ni meno ya mbwa wa katuni!" alisema. "Mimi nataka meno ya mtu. Mtazamaji ayaone, aogope, na asijue anaogopa nini. Kesho saa nne tunapiga ile picha ya mlangoni, mzimu anapomkaribisha mpangaji. Keshokutwa Ijumaa kamera inaondoka, na safari hii hairudi, na mlango ndio filamu yenyewe. Bila mlango sina kitu."

Nilirudi kazini nikiwa nimenuna. Nilipanga meno kwenye nta, nikayabomoa, nikapanga tena. Yalitoka mazuri, yamekaa kwa adabu, kama ya mtu anayekwenda kuomba kazi. Mkono wa fundi wa meno umezoeshwa kurekebisha; ukiuambia uharibu, haujui pa kuanzia. Mara tano nilijaribu, mara tano nikapata tabasamu la karani wa benki. Ilipofika saa kumi jioni niliinua macho kwenye rafu.

Ningependa kusema kwamba sikuwaza. Niliwaza. Niliuteremsha mdomo wa Shangazi, nikaupuliza vumbi, na nikawaza hivi: hakuna atakayejua. Midomo ya watu tunaijua sisi tu wa chumba cha nyuma, na kwa mtu mwingine jino ni jino. Hilo ndilo kosa ambalo fundi wa meno peke yake anaweza kulifanya. Tumezoea kuiona midomo haina uso, tunasahau kwamba wenzetu huiona ikiwa na uso siku zote.

Nilitengeneza ganda jembamba la kuvisha juu ya meno ya mshona sare. Ndani lilimkaa yeye, nje lilikuwa Shangazi: mwanya, meno kuchomoza, lile la kushoto na bega lake. Niliongeza urefu kidogo sana, kama unene wa kucha. Kilichowachekea watoto wa watu miaka yote kiligeuka kuwa jambo baya kwa unene wa kucha.

Kesho yake saa nne mlango ulifunguliwa, mshona sare akatabasamu polepole, akasema, "Karibu, mpangaji." Hakuna aliyecheka. Seremala, mtu mzima mwenye wajukuu, alirudi nyuma hatua mbili na kukanyaga karai la moshi. Bwana Kata alisahau kusema kata. Nami nilisimama pale nimevimba kichwa. Nilifurahi sana. Sijawahi kuifurahia kazi ya mikono yangu kama siku ile, na hadi leo nikikumbuka furaha ile naona aibu kuliko ninapokumbuka yote yaliyofuata.

Filamu ilipotoka, jina langu halikuwemo. Mwishoni waliandika majina ya watu, hata la mwenye mkokoteni, kisha "na wengine". Damu ilinichemka, nikakaa miezi miwili sizungumzi na Bwana Kata. Baadaye nikamshukuru Mungu kwamba nilikuwa miongoni mwa wengine. Ni mke wangu peke yake niliyemwambia meno yale yalikuwa ya nani.

Maana filamu ilienea. Iliingia kwenye vibanda vya video, ikaingia majumbani, watoto wakaiona kwa kuchungulia, na wao ndio waliombatiza yule mzimu jina la Bi Meno. Januari ikafika, shule zikafunguliwa. Shangazi alisimama mlangoni kama kila mwaka, akamwinamia mtoto wa kwanza kwenye mstari, akacheka, akasema, "Karibu, mwanangu."

Mtoto alipiga yowe na kupanda mwili wa mama yake. "Mama, ni yeye! Usimwache anikaribishe!"

Wazazi waliangua kicheko. Shangazi naye alicheka, akidhani ni utani wa kitoto, na jinsi alivyocheka ndivyo watoto waliobaki walivyozidi kulia. Wiki ya tatu, watoto kumi na mmoja walikuwa hawajakubali kuingia darasani. Mwalimu mkuu akamhamishia stoo ya vitabu, kwa muda tu, alisema. Darasa la kwanza akapewa mwalimu mwingine.

Jumapili moja nilikwenda kula kwake nikamkuta anaongea kiganja kikiwa kimefunika mdomo.

"Jana nimekwenda kwa jirani kuitazama hiyo filamu," aliniambia. "Mwanangu, ni mimi yule."

"Sura si yako, Shangazi."

"Sura si yangu. Meno ni yangu. Kumbe nimeumbwa nimefanana na zimwi, na umri wote huu nilikuwa natembea mbele za watu nikiwakenulia."

Nilijitia hamnazo. Nikasema watoto watasahau, nikasema filamu ni mambo ya kupita, nikaomba chumvi. Nilijua pale pale kwamba nimefanya ubaya, na nikajiahidi kumwambia wiki ijayo. Kazini siku ya Jumatatu nilichukua ile plasta ya mdomo wake wa juu nikaisagasaga kwa nyundo. Ukiniuliza kwa nini, nitakwambia niliogopa kumwaga unga, maana daktari angenifukuza kwa kutumia mdomo wa mgonjwa. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Niliogopa uso wa Shangazi.

Wiki ijayo haikuja. Uliokuja ni mwezi wa nne, na Shangazi akaingia mwenyewe kwenye chumba changu cha nyuma, ameshika karatasi.

"Daktari amekubali," alisema. "Anayatoa yote manne, kisha wewe unanitengenezea ya kuvaa, yaliyonyooka."

Nilisoma karatasi. Meno manne, mazima, hayana tundu hata moja. Daktari alikuwa ameandika: kwa ombi la mgonjwa.

"Wewe ndiye fundi," Shangazi alisema. "Unaonaje?"

"Uamuzi ni wako, Shangazi."

"Najua ni wangu. Nakuuliza unaonaje."

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Maneno yenyewe yalikuwa machache: si wewe uliyefanana na lile zimwi, mimi ndiye niliyelivisha meno yako. Nikaitazama ile karatasi, na wazo chafu likanipitia, nalo nitalisema: akiyang'oa, hakutakuwa na cha kulinganisha na filamu. "Ukiona yanakusumbua," nikamwambia, "basi yatolewe."

Aliniomba niwepo. Alikuwa mwoga wa sindano tangu zamani. Nilisimama kando ya kiti cha daktari nikamshika mkono wa kulia. La kwanza lilitoka kwa urahisi, likalia kwenye sahani ya bati. Daktari akampa maji asukutue, akatema, akajilaza tena. Nikasema moyoni, liwe hilo moja tu, zungumza. Likatoka la pili. La tatu lilikatika mzizi, daktari akalitafuta kwa muda mrefu, na Shangazi akanibana vidole mpaka nikamtania kwamba atanivunja na atakosa fundi. Alicheka huku koo lake limejaa damu. La nne ni lile la kushoto, lenye bega.

Meno niliyomtengenezea ni kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Yamenyooka kama matofali ya ukuta. Daktari aliwaonyesha wagonjwa wengine. Lakini darasa la kwanza lilikuwa na mwenyewe tayari, na Shangazi alikaa stoo akigawa vitabu na kuhesabu chaki mpaka alipostaafu. Na kicheko hakikurudi. Mkono ulikuwa umezoea kufunika mdomo. Kila akianza kucheka, mkono unawahi.

Miaka ishirini na miwili nilibeba jambo hili. Simaanishi kwamba nililia kila siku, mtu huzoea. Nilimpelekea matunda, nikampakia rangi nyumba, nikambadilishia meno kila yalipolegea, bila yeye kuomba. Majirani walimwambia amebarikiwa mtoto. Niliwasikia wakisema hivyo na sikuwasahihisha.

Mwezi uliopita Bwana Kata alinipigia simu. Sasa ni mzee mwenye fimbo na tuzo. "Televisheni wanatengeneza kipindi kuhusu Chumba cha Uani," alisema. "Wamenihoji, nimewaambia yote, hata gurudumu. Na safari hii sikukusahau, ndugu yangu, jina lako nimelitaja. Nimewaambia siri ya filamu ni yule fundi wa meno. Alhamisi wanakuja kwako na kamera, uwaeleze uliyatoa wapi."

Nilimwambia mke wangu. Hakuacha hata kukunja nguo.

"Nenda ukamwambie leo," alisema. "Akisikia kwenye televisheni kabla hajasikia kwako, usirudi kulala humu."

Nilikwenda. Ilikuwa saa tatu asubuhi, jua limeingia sebuleni, na Shangazi alikuwa anapiga pasi vitambaa vya viti. Alifurahi kuniona, akachomoa pasi, akanimiminia chai. Sikuigusa. Nilipiga moyo konde nikasema yote kwa mfululizo, macho yakiwa kwenye zulia: Bwana Kata, kamera ya arusi, rafu, ganda, unene wa kucha. Nilipomaliza nilisubiri anifukuze.

Shangazi alisogeza pasi kando. Kisha akaanza kucheka.

"Subiri kwanza," alisema. "Unataka kuniambia si mimi niliyefanana na lile zimwi? Lile zimwi ndilo lililoniiga mimi?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kumbe! Kumbe sikuumbwa hivyo!" Alipiga makofi. Alicheka mdomo wazi, mikono yote miwili ikiwa mapajani, machozi yakimtoka, kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu enzi za darasa la kwanza. "Miaka yote hii najitazama kwenye kioo namlaumu Muumba wangu, kumbe ni wewe mshenzi na plasta yako!"

Nikawaza, basi, imekwisha, amenisamehe. Nikaanza kucheka naye. Hilo nalo nalijutia.

Maana cheko lake lilipungua polepole mpaka likaisha, na langu likabaki peke yake sebuleni. Alijifuta macho kwa kitambaa cha kiti, akakikunja vizuri, akakiweka.

"Nilipokuja na ile karatasi," alisema, "nikakuuliza unaonaje. Ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Lilipotoka la kwanza?"

"Nilijua, Shangazi."

"La pili? Niliposukutua?"

"Nilijua."

"La tatu, lililokatika mzizi, nikakubana mkono, ukanitania?"

"Nilijua."

La nne hakuniuliza. Aliinuka, akachukua kikombe changu cha chai kilichokuwa bado kimejaa, akaenda kukimwaga.